Ushauri: Kamati inataka ibada ya "wataalamu na wafanyabiashara" na nyingine ya "waumini wa kawaida". Niseme nini kikaoni?

Mlinda Mlango

Habari zenu wakuu. Naomba msome hadi mwisho kabla ya kurusha mawe.

Mimi ni kiongozi wa wahudumu wa mapokezi kanisani kwetu, wale wanaosimama mlangoni, wanaoonyesha watu pa kukaa na kupitisha vyombo vya sadaka. Kwa nafasi hiyo naingia kamati ya ibada. Kanisa limejaa, ibada moja haitutoshi tena, na hilo hakuna anayelibishia. Ugomvi uko kwenye namna ya kugawa.

Pendekezo lililo mezani ni kwamba ibada ya asubuhi iwe ya wataalamu na wafanyabiashara: fupi, mahubiri ya kina, kikundi kidogo cha kuimba, ratiba inafuatwa kwa dakika. Ya pili iwe ya waumini wa kawaida: ndefu, shuhuda, kwaya zote, maombezi. Hakuna atakayezuiwa mlangoni, wanasema, ila matangazo, mialiko na mhubiri vitapangwa kulingana na kundi. Na sababu zao si za kipuuzi. Tunapoteza watu wenye majukumu makubwa kwa kuwa ibada yetu haina mwisho unaojulikana. Wanasema pia kwamba hao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya gharama za kanisa, na ni kweli, mahesabu nimeyaona.

Kinachonisumbua ni kwamba mimi ndiye nitakayesimama pale mlangoni. Akija dobi saa ya ibada ya kwanza, nimwambie nini? Na hata kabla ya huo mgawanyo, safu mbili za mbele tayari zimevishwa vitambaa vyeupe, ni za "wageni waheshimiwa". Juzi kati mama mmoja mzee, masikio yamechoka, alikaa pale ili asome midomo ya mhubiri. Mhudumu akamhamisha, kwa adabu zote, hadi karibu na mlango. Kiti kikakaa kitupu ibada nzima.

Kikao kinakuja. Nataka niende na hoja, si na hasira. Je, kugawa ibada kwa aina ya watu kuna ubaya kiimani au ni hisia zangu tu? Na kama kuna ubaya, mbadala ni upi? Maana kusema "hapana" peke yake hakupunguzi msongamano.

Jina la kanisa na dhehebu sitaji, tafadhali msiulize.

Mchokozi Mpole

Hapo hakuna ibada mkuu, hapo kuna daraja la kwanza na daraja la tatu. Malizieni tu, muuze na tiketi.

Kalamu Nyekundu

Mchokozi, umetania lakini lilishafanyika. Karne ya 19, Uingereza na Marekani, makanisa mengi yalikuwa yanakodisha mabenchi. Familia inalipia benchi lake kwa mwaka, mara nyingi lina namba na kimlango chake, la mbele ghali, la nyuma nafuu. Asiye na uwezo aliachiwa viti vya bure pembeni, nyuma, au juu roshani. Hakuna aliyebandika tangazo kwamba maskini wasiingie. Waliingia vizuri tu, wakakuta mabenchi matupu yenye wenyewe. Kwa hiyo hicho kiti chenye kitambaa cheupe kina babu yake.

Sasa rudi nyuma zaidi. Karibu mwaka 112, Plinio Mdogo, gavana wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trayano akiomba mwongozo juu ya Wakristo. Hakuwa rafiki yao, wengine alishawaua. Ila katika kulalamika kwake anasema jambo hili limewagusa watu wa kila umri, kila daraja, wanaume kwa wanawake. Anaeleza pia kwamba walikuwa wakikutana kabla hakujapambazuka na kumwimbia Kristo kama mungu. Na alipotaka kuthibitisha kinachofanyika huko ndani, akawatesa wanawake wawili watumwa ambao wenzao waliwaita wahudumu, kwa maana ya mashemasi.

Piga picha hapo, mleta uzi. Serikali inatafuta watu wenye cheo katika ibada ile, inaangukia kwa watumwa wa kike. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo. Kanisa lenu likiambiwa leo litoe watu wawili wanaojua na kuendesha ibada yenu, mtatoa nani? Kama ni wale wale wa safu za mbele, basi hata mkibaki na ibada moja, mgawanyo mnao.

Mhasibu Mtulivu

Naona uzi utaelemea upande mmoja, acha nitetee kamati kidogo. Mimi ni mmoja wa hao "wataalamu".

Mleta mada amesema kweli, ibada isiyo na mwisho inachosha. Matangazo pekee yanakula muda kuliko neno. Halafu kuna jambo watu hawalisemi. Nikiingia kanisani, kabla sijakaa, jina langu na cheo changu vinatajwa kwenye kipaza sauti. Likitokea jengo, naitwa mbele niongoze kuchangia, huku watu wanahesabu nimetoa ngapi. Mwaka jana nilikuwa nauguza nyumbani, nimechoka roho na mwili, nikaenda nikiwa nahitaji kuombewa. Nikapewa kiti cha mbele na bahasha. Hakuna aliyeniuliza habari ya nyumbani.

Ndiyo maana wazo la ibada ya watu wanaofanana nami halikunichukiza niliposoma. Angalau pale wote ni wenye vyeo, hakuna atakayeshangaa.

Na swali la haki: mbona tuna ibada za lugha tofauti, za vijana, za watoto, na hamsemi ni ubaguzi?

Mama Pacha

Pole sana kaka Mhasibu kwa kuuguza. Natumaini mgonjwa ameamka salama.

Ila soma tena ulichoandika. Kilichokuumiza ni kukaa na sisi "wa kawaida", au ni kutambuliwa kwa mfuko wako? Ukiwekwa kwenye ibada ya wenye mifuko, si ndiyo utatambuliwa kwa mfuko wiki hadi wiki?

Mhasibu Mtulivu

Dada, hapo umenibana. Naendelea kutafakari. Hoja ya muda lakini iko palepale.

Fimbo na Gongo

Amani kwenu nyote. Mimi ni mchungaji mstaafu, niwieni radhi nikiandika kirefu, ni ugonjwa wa mimbari.

Mwanangu Mlinda Mlango, hilo si suala la hisia. Yakobo sura ya pili imeandikwa kama vile alikuwa amesimama mlangoni kwenu. Anaingia mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, anaingia maskini mwenye mavazi mabovu. Wa kwanza anaambiwa keti hapa pazuri, wa pili anaambiwa simama pale au keti miguuni pangu. Yakobo hasemi hilo ni kosa la utaratibu. Mstari wa tisa anasema ni dhambi, neno zito kwa jambo ambalo sisi tunaliita itifaki. Na angalia: maskini katika mfano ule hakufukuzwa. Aliruhusiwa kuingia. Tatizo lilianza baada ya kuingia.

Kisha nenda 1 Wakorintho 11. Wengi wananukuu sura ile kwa habari ya kushiriki isivyostahili, na kila mtu anaanza kuchunguza dhambi zake za sirini. Lakini Paulo ameanza wapi? Ameanza na watu wanaokutana kula, mmoja ana njaa na mwingine amelewa, na wasio na kitu wanatahayarishwa. Wachambuzi wengi wanaona waliokuwa na nafasi walifika mapema wakaanza, na watumwa na vibarua, ambao saa zao zilikuwa mikononi mwa mabwana zao, walifika vyombo vikiwa vitupu. Agizo la Paulo mwishoni ni fupi: mngojane. Angeweza kuwashauri wawe na meza mbili, ya mapema na ya baadaye. Kila mtu angeshiba na ugomvi ungeisha. Hakufanya hivyo.

Sasa nikujibu mwanangu Mhasibu, maana swali lako ni la haki. Lugha ni jambo jingine. Mtu asipoelewa lugha hasikii neno, na hawezi hata kusema "Amina", Paulo mwenyewe anasema hivyo katika sura ya 14. Mtoto naye anahitaji kufundishwa kwa kimo chake. Lakini mshahara wa mtu haumzuii kusikia. Kanisa la Yerusalemu lilipata shida ya namna hiyo, Matendo 6: wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wanasahaulika katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuanzisha kanisa la Wayunani pembeni. Walichagua watu saba wa kusimamia, na ukisoma majina yao, yote ni ya Kiyunani. Waliolalamika wakakabidhiwa usimamizi.

Kuhusu gharama. Ni kweli wenye nacho hutoa kingi, wala wasidharauliwe kwa hilo. Lakini katika Kutoka 30, ilipotakiwa fedha ya upatanisho, kila mtu aliyehesabiwa alitoa nusu shekeli. Tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Mbele za Mungu, kwa habari ya kuhesabiwa kuwa mtu wake, bei ilikuwa moja. Na pale ambapo sadaka ilikuwa mnyama, sheria ya Walawi 12 ilimpa nafasi asiyeweza mwana-kondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Mariamu na Yusufu walipokwenda hekaluni na mtoto, Luka anataja ndege. Wazazi wa Bwana waliingia ibadani kwa kipengele cha maskini.

Zamu ya Usiku

Shikamoo mchungaji. Umenigusa hapo kwa vibarua.

Mimi ni mlinzi wa usiku. Mnabishana ibada ndefu na fupi, wenzenu tunabishana na usingizi. Natoka lindo asubuhi, nikipita nyumbani kuoga nimechelewa, nikienda moja kwa moja naingia na sare, buti zina vumbi, na watu wananiuliza kama nimekuja kulinda magari. Nilishaulizwa hivyo na mhudumu wa mapokezi, si wa kanisa lako mkuu, usijali. Nikikaa, mahubiri yakianza tu, nimelala. Siyo dharau, ni mwili.

Hiyo ibada ya asubuhi ya wataalamu ndiyo saa inayotufaa sisi wa zamu za usiku! Na wauguzi, na madereva, na wanaooka mikate. Sasa nikija nitakuwa nimevamia ya wakubwa?

Kwa nini hakuna kanisa linalokaa chini likauliza: watu wetu wanafanya kazi saa ngapi?

Kalamu Nyekundu

Zamu, hilo la saa ndilo kiini. Tumezoea Jumapili kuwa siku ya mapumziko, tunadhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Mpaka Konstantino alipotoa sheria mwaka 321, serikali ya Roma haikuwa imeipumzisha siku hiyo, na hata sheria yenyewe iliwahusu mahakimu, watu wa mijini na karakana. Wakulima waliruhusiwa kuendelea na mashamba. Kwa hiyo kwa karne karibu tatu Wakristo waliabudu katika siku ya kazi. Wale wa Plinio kukutana gizani, kabla hakujacha, ni rahisi kuona kwamba kuliwafaa watu ambao mchana si wao.

Ibada za alfajiri zilikuwepo muda mrefu kabla ya kamati za wataalamu. Mtumwa aliiwahi kabla bwana wake hajaamka.

Altare

Mimi ni Mkatoliki, niruhusiwe kuchangia kutoka upande wa pili wa barabara.

Kwetu hili limeandikwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wetu, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, Sacrosanctum Concilium, namba 32, unasema kwamba tofauti zinazotokana na huduma ya liturujia na daraja takatifu zipo, na heshima kwa viongozi wa serikali ipo kwa sheria, lakini zaidi ya hayo mtu binafsi au tabaka la watu lisipewe heshima ya pekee, si katika maadhimisho wala kwa mapambo ya nje. Hiyo ni karatasi. Kwamba kila parokia inaifuata, sitaapa.

Kuna mwongozo wa zamani zaidi ninaoupenda, Didaskalia ya Mitume, wa karne ya 3, Siria. Unasema akiingia mtu mwenye heshima ya dunia wakati askofu anahubiri, askofu asikatize neno ili kumtafutia kiti. Lakini akiingia maskini, hasa mzee, na nafasi hakuna, askofu amtafutie nafasi kwa moyo wote, hata ikibidi yeye mwenyewe akae chini sakafuni. Mpeni mwenyekiti wa kamati asome hiyo halafu amkumbuke yule mama mwenye masikio yaliyochoka.

Na kwa ndugu Zamu ya Usiku: Mtakatifu Yustino, akieleza ibada ya Jumapili kule Roma karibu mwaka 155, anasema wasomaji walisoma maandiko kadiri muda ulivyoruhusu. Muda ulikuwa na mipaka, Mhasibu hajakosea. Anasema pia mashemasi waliwapelekea wasiokuwepo sehemu yao ya ekaristi. Na walio na uwezo walitoa kila mmoja kwa hiari yake, fungu likakabidhiwa kwa kiongozi kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Aliyekosa ibada hakuhesabiwa mtoro, alifuatwa.

Mikunjo Sifuri

Wakuu, mimi ni dobi kweli. Nimeona natajwa tu humu.

Mkinisukumia ibada ya pili nitakwenda, sina neno. Ila mashati ya kamati nayo yatasubiri ibada ya pili.

Mchokozi Mpole

Hahaha! Uzi ufungwe, hoja imeshinda.

Kalamu Nyekundu

Usifungwe bado, Mikunjo amenikumbusha kitu. Mleta mada alisema ibada ya kwanza itakuwa na "mahubiri ya kina". Maana yake ya pili yatakuwa mepesi? Nani ameamua kwamba dobi hawezi kina?

Karne ya 2 kulikuwa na msomi aliyeitwa Kelso, mpinzani mkali wa Ukristo. Kitabu chake chenyewe kimepotea, tunakijua kupitia Origene aliyemjibu katikati ya karne ya 3. Kelso aliwacheka Wakristo akisema wanaofundisha imani hiyo majumbani ni wafuma sufu, washona viatu na madobi, watu wasiosoma. Kwake lilikuwa tusi. Origene katika kujibu alitetea mafundisho yenyewe, na hakuona haya kwamba Ukristo unawataka pia wasiosoma.

Kwa hiyo Mikunjo, wenzako walikuwa walimu.

Mhasibu Mtulivu

Kalamu, heshima kwako, lakini tusipake rangi historia. Kanisa halikuwa hivyo siku zote. Hiyo hiyo historia ina watu waliotolewa kwenye viti.

Kalamu Nyekundu

Kabisa. Philadelphia, mwishoni mwa karne ya 18, kanisa la Kimethodisti la Mtakatifu George. Waumini weusi walikuwa wameelekezwa kukaa sehemu yao. Siku moja katikati ya maombi, Absalom Jones akiwa amepiga magoti, akashikwa ili ainuliwe aondoke pale. Akaomba wangoje maombi yaishe. Hawakungoja. Maombi yalipokwisha, yeye, Richard Allen na wenzao wakatoka wote kwa pamoja. Allen akafungua kanisa la Betheli mwaka 1794, na mwaka 1816 likazaliwa dhehebu zima, African Methodist Episcopal, ambalo lipo hadi leo.

Aliyemshika Jones alikuwa mmoja wa wadhamini wa kanisa, mleta uzi. Lakini aliyewaelekeza pa kukaa alikuwa mhudumu aliyesimama mlangoni, mtu wa kazi kama yako. Ndiyo maana nafurahi umeuliza kabla ya kikao.

Na mfano wa upande mwingine: mtaa wa Azusa, Los Angeles, 1906. William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, anaongoza maombi kwenye jengo chakavu, weusi, weupe, Walatino, wafagizi na wenye mali wanapiga magoti pamoja, wakati nchi nzima inawatenganisha. Haikudumu. Miaka michache baadaye makundi mengi yaliyotokana na uamsho ule yaligawanyika kwa rangi. Nalitaja hilo kwa sababu watu hudhani mkishakuwa pamoja mara moja mmemaliza. Inabidi kusimamiwa.

Sauti Kimya

Mimi ni kiziwi, natumia lugha ya alama. Nimesoma uzi wote na bado naona mnamzungumzia yule mama kama mfano wa maskini. Yeye alikuwa na shida ya kusikia. Alikaa mbele kwa sababu ya kazi, si kwa sababu ya heshima.

Mlinda Mlango, usiende kikaoni kusema viti vya mbele viondolewe vitambaa kisha kila mtu akae anapotaka. Wenye miguu mizuri na waliowahi watavijaza, na yule mama atarudi mlangoni. Viacheni viti vya akiba, badilisheni orodha. Viziwi na wanaosoma midomo wakae mbele upande aliko mkalimani. Wasioona vizuri wakae mbele. Mwenye kiti cha magurudumu apate nafasi katikati ya safu, pamoja na familia yake, siyo kwenye njia ya kutokea kama mzigo unaosubiri gari. Mwenye mtoto asiyevumilia kelele akae pembeni karibu na mlango, kwa kuchagua mwenyewe.

Mgeni mheshimiwa akija, ana macho na masikio. Ataona tu hata akikaa safu ya kumi.

Na kingine. Makanisa yakitukumbuka sisi, yanatukumbuka kwenye siku maalumu. Tunaitwa mbele, tunapewa zawadi, tunapigwa picha. Mimi sitaki zawadi. Nataka siku moja nisome somo kwa alama na mwingine alitamke kwa sauti, watu wangoje mikono yangu imalize.

Mama Pacha

Sauti Kimya umenitoa machozi hapo mwisho. Mmoja wa pacha wangu ni huyo asiyevumilia kelele. Tunakaa nje chini ya dirisha Jumapili nzima, na watu wanadhani nimechelewa.

Fimbo na Gongo

Mwanangu Sauti Kimya, hilo la kusoma somo ndilo hasa. Matendo 13 inataja manabii na waalimu wa Antiokia: Barnaba, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio Mkirene, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli. Mtu wa nyumba ya mtawala ameandikwa katikati ya wageni wa mbali, bila kiti cha pekee, wote wanamfanyia Bwana ibada na kufunga. Kiti cha Manaeni hakitajwi, kazi yake inatajwa.

Mlinda Mlango

Wakuu, nimesoma kila mchango, baadhi mara mbili. Nimeanza kuandika nitakachopeleka. Nanukuu rasimu, nikosoeni:

Ibada ziwe mbili kwa sababu ya nafasi na saa za kazi, na zisipewe jina la kundi lolote. Ya kwanza ianze mapema kiasi cha kuwafaa wanaotoka zamu. Kabla ya kupanga saa, wahudumu wangu wawaulize waumini wote saa zao za kazi, na majibu yaje kwenye kamati. Zote mbili ziwe na saa ya kumaliza inayojulikana, na matangazo yakatwe. Mahubiri yawe yale yale, mhubiri yule yule. Wasomaji wa masomo, waombezi na wakusanya sadaka wapangwe kwa zamu kutoka kwenye orodha ya waumini wote, siyo kwa kuteuliwa na wazee. Vyeo visitajwe kwenye kipaza sauti, wala kiasi cha sadaka ya mtu. Viti vya akiba viwe vya wenye mahitaji kama alivyosema Sauti Kimya.

Meza ya Bwana sijaipatia jawabu. Tukiwa na ibada mbili tutakuwa na meza mbili, na nikimsoma mchungaji Fimbo naona ndicho alichokikataa Paulo.

Fimbo na Gongo

Umesoma vizuri kuliko nilivyotarajia. Wingi wa watu ukiwalazimisha, hakuna lawama. Angalieni tu watu wasigande upande mmoja kwa miaka. Mngeweza kuwa na siku, hata kwenye uwanja wa wazi, mnashiriki wote pamoja. Itakuwa ndefu na ya jua. Mhasibu atanisamehe.

Mhasibu Mtulivu

Nitavumilia mzee wangu. Na hilo la kutokutaja vyeo na kiasi, Mlinda Mlango, liweke la kwanza. Likipingwa, wala usiseme ni wazo la walalahoi, sema limeombwa na watoaji wenyewe. Tupo wengi kuliko unavyodhani. Mimi hata zamu ya kukusanya viti baada ya ibada naitaka, mradi nisiitwe mbele.

Zamu ya Usiku

Hiyo ya kuwauliza watu saa zao, waulizeni wasiokuja pia. Wanaokuja ndio ambao saa iliyopo tayari inawafaa.

Mlinda Mlango

Zamu, hilo sikuliwaza kabisa. Naongeza. Majirani na jamaa za waumini wanajulikana, tutawafuata.

Sauti Kimya

Ongeza na hili. Mkalimani asisimame mbele ya dirisha. Mwanga ukitoka nyuma yake, uso na mikono vinakuwa giza na hatuoni kitu. Na yule mama anayesoma midomo, mwambieni mhubiri asishike kipaza sauti mbele ya mdomo, atumie cha kubana kwenye nguo kama kipo.

Mlinda Mlango

Dirisha letu liko nyuma ya mimbari kabisa. Tutahitaji pazia. Naandika.